Tanga ya Waimbaji Wasiolipwa

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa siku kadhaa. Si uvivu wala si kuishiwa maneno. Kuna swali limenikamata shati na kukataa kuniachia, nami nimeona heri niliweke hapa tulijadili wote. Swali lenyewe ni fupi: nani aliimba Tanga?

Msije mkadhani nawauliza kuhusu mastaa. Mastaa tunawajua, na wasiojulikana watajitangaza wenyewe. Nawauliza kuhusu wale wengine: kuli wa bandarini, karani wa reli, fundi cherehani wa Ngamiani, mama aliyekaanga vitumbua alfajiri. Hawa mchana walitafuta riziki kama watu wote, na usiku walikwenda klabu kujifunza nyimbo. Hakuna aliyewalipa mshahara wa kuimba. Ungewauliza kazi yao wangekutajia bandari, reli, cherehani, vitumbua. Hata hivyo ndio walioubadilisha muziki wa taarab kuanzia Tanga hadi Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko, na historia tuliyosomeshwa shuleni haiwataji kabisa.

Shuleni Tanga ni mambo matatu: mkonge, reli na vita. Mkonge uliletwa na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893. Reli ilianza kujengwa mwaka huohuo na kufika Moshi mwaka 1911. Vita ni ile ya Novemba 1914, Waingereza walipotua na jeshi kubwa kutoka India wakafukuzwa na Wajerumani na askari wao. Basi. Mwanafunzi akishajibu hayo anapata alama zake na kwenda zake. Hakuna anayemuuliza wale maelfu waliokata mkonge na kutandika reli walifanya nini jua lilipozama. Mimi nasema hapo ndipo historia ya mji inapoanza kunoga.

Hebu fikiria. Mji unaletewa watu kutoka kila upande: Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wasambaa waliokuwa jirani, halafu Wanyamwezi, Wamanyema, Wayao na wengine waliotoka mbali kufuata kazi. Wenyeji wana msemo wao kuhusu Tanga, kwamba waja leo waondoka leo. Ukweli ni kwamba wengi walikuja leo na hawakuondoka. Sasa mtu asiye na ukoo mjini, asiye na shamba, wala mzee wa kumzika akifa, anakuwaje mtu wa mji? Anaingia chama. Na chama cha wakati ule mara nyingi kilikuwa chama cha ngoma.

Hapo ndipo ilipoingia beni. Kama hujawahi kuisikia, ilikuwa ngoma iliyoanzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi za Wazungu: mavazi, gwaride, vyeo na tarumbeta. Iliposhuka Tanganyika iligawanyika makundi mawili makubwa, Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa hadhi, wenye elimu kidogo na kazi za ofisini. Arinoti walikuwa watu wa kazi ngumu. Kila kundi lilikuwa na wafalme wake, majenerali wake na madaktari wake, na mashindano yao yalikuwa ya kweli, ya sare na ya nyimbo. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, akaonyesha kwamba haukuwa mchezo mtupu wa kuiga Wazungu. Wanachama walichangiana, walizikana, na walipokeana safarini. Mwanachama akihamia mji mwingine alikuta ndugu wanamsubiri. Serikali ya Waingereza baada ya vita ya kwanza iliwatazama watu hawa kwa wasiwasi, ikijiuliza mtandao wote huu wa watu weusi ulikuwa na shabaha gani. Shabaha yake kubwa ilikuwa kuishi mjini bila kufa mpweke.

Wanawake nao hawakukaa kando. Walikuwa na lelemama na ngoma nyingine zenye vyama, viongozi, sare na malumbano yake. Hapa ndipo napenda kuwakumbusha vijana wenzangu jambo ambalo tunalisahau tunapozungumza siasa za uhuru. Mwaka 1955 TANU ilipotaka kuwaingiza wanawake katika chama, Bibi Titi Mohamed hakwenda ofisini kutafuta orodha ya majina. Alikwenda kwenye vyama vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam. Yeye mwenyewe alikuwa muimbaji katika kundi lililoitwa Bomba. Alijua kwamba kiongozi mmoja wa ngoma akikubali, kundi zima litakuja nyuma yake, na ndivyo ilivyokuwa. Susan Geiger ameyaandika haya vizuri katika kitabu chake kuhusu wanawake wa TANU, kilichotoka mwaka 1997. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba vyama vya waimbaji ni mambo ya starehe tu, cheka kidogo kisha mweleze mwenzako kwamba chama kilicholeta uhuru kilipata wanawake wake wengi kupitia vyama hivyo.

Sasa turudi kwenye sauti zenyewe. Watu hawa walijifunza wapi kuimba? Hapakuwa na chuo cha muziki. Nikitazama pwani yetu ya kaskazini naona shule mbili zilizofundisha sauti bila kujiita shule za muziki.

Ya kwanza ni chuoni, yaani madrasa. Mtoto anayesoma Kurani anajifunza kupumua, kuvuta sauti, kupanda na kushuka, kutamka herufi kutoka mahali pake kooni. Ikifika maulidi anaimba kasida pamoja na wenzake, dufu likigonga. Akifika miaka kumi na mbili koo lake tayari limefanya mazoezi ambayo mwingine angeyalipia. Walimu wake wengi wasingependa kabisa kusikia kwamba walikuwa wanamwandaa muimbaji wa taarab, lakini ndivyo ilivyotokea mara nyingi.

Ya pili ni kanisani. Wamisionari wa UMCA walijenga kituo chao Magila, karibu na Muheza, tangu karne ya 19, na Walutheri wa Kijerumani wakaingia milima ya Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walikuja na vitabu vya nyimbo na desturi ya kuimba kwa sauti nne. Mwanakwaya alijifunza kitu ambacho chuoni hakikuwapo: kushika sauti yake huku jirani yake anaimba nyingine, na asipotee. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ukitaka kujua ugumu wake jaribu kuimba sauti ya pili huku rafiki yako anakuimbia ya kwanza sikioni. Kwaya ilitoka kanisani ikaingia shuleni, viwandani, jeshini, hata kwenye mikutano ya siasa, na leo nadhani hakuna chama cha waimbaji wasiolipwa kilicho kikubwa kuliko kwaya katika nchi hii. Nitairudia baadaye.

Taarab yenyewe, kama mnavyojua, tuliletewa kutoka Unguja. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze muziki wa huko, na mwaka 1905 vijana wa Unguja wakaunda Ikhwani Safaa, klabu ambayo ilisherehekea miaka 100 mwaka 2005. Mwanzoni waliimba Kiarabu, nyimbo za wakubwa kwa wakubwa. Aliyevunja ukuta huo alikuwa mwanamke aliyezaliwa Fumba, mtoto wa mfinyanzi, aliyekuwa akitembeza vyungu mitaani. Siti binti Saad hakusoma. Alifundishwa kuimba ukubwani, akajifunza kwa sikio, na akaanza kuimba Kiswahili mambo ya watu wa kawaida: dhuluma, kesi, mapenzi, udanganyifu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na santuri hizo zikazagaa pwani yote. Alifariki mwaka 1950.

Na nani aliandika wasifu wake? Mtu wa Tanga. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, eneo la Machui, nje kidogo ya mji wetu. Huwa najiuliza kwa nini mshairi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili wa wakati wake, baada ya kuandika maisha yake mwenyewe, alichagua kuandika maisha ya muimbaji asiyejua kusoma. Jibu langu, nanyi mnaruhusiwa kunipinga, ni kwamba Shaaban Robert alielewa kitu ambacho wasomi wa leo tunakisahau: kwa Waswahili shairi halijakamilika mpaka liimbwe. Mtunzi anaandika nusu, na koo la mwingine linamalizia nusu iliyobaki.

Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na klabu za Tanga. Katikati ya karne iliyopita mji ulikuwa na klabu za taarab kama Young Novelty na Shabaab al-Waatan. Tazameni majina hayo mawili. Moja la Kiingereza, lenye kutamani mambo mapya. Jingine la Kiarabu, vijana wa nchi. Mji mzima umo ndani yake: sikio moja linasikiliza Cairo na jingine linasikiliza ulimwengu mpya. Kutoka Young Novelty ikatoka Black Star Musical Club, na kutoka Black Star ikachipuka Lucky Star. Hizi mbili za mwisho ndizo zilizofanya mapinduzi.

Mapinduzi gani? Taarab ya Unguja ilikuwa na kundi kubwa la wapiga fidla, udi, kanuni, nai, kodiani na dumbaki. Ilihitaji watu wengi, vyombo ghali, na mafundi waliokaa miaka mingi wakijifunza. Vijana wa Tanga wakaweka kando sehemu kubwa ya vyombo hivyo wakachukua gita za umeme, gita la besi, kinanda na ngoma za bongo. Mapigo wakayasogeza karibu na rumba na chacha. Mashairi hawakuyagusa: yalibaki yaleyale ya vina na mizani, ya mafumbo na uchungu wa mapenzi.

Kwa nini Tanga na si kwingine? Nadhani sababu ziko wazi ukiutazama mji. Huu ulikuwa pia mji wa dansi. Atomic Jazz ilianzishwa mwaka 1954, Jamhuri Jazz nayo ikatamba, na ndugu wa ukoo wa Kinyonga, waliokuja kuunda Simba Wanyika huko Kenya mwaka 1971, walipitia muziki wa mji huu. Gita lilikuwa mtaani. Kijana aliyelala nyumba moja na mpiga rumba hakuona sababu ya kusubiri kanuni kutoka Misri. Halafu kuna suala la mfuko. Klabu ya watu wa bandari na reli haiwezi kulisha wapiga fidla kumi, lakini gita tatu na kinanda kimoja wakichanga wanaweza kuvipata. Watu hudhani umaskini unaua sanaa. Tanga umaskini uliikata taarab ikawa nyepesi, na kwa wepesi huo ikaweza kusafiri.

Sasa niwaeleze jinsi watu walivyojifunza, maana kwangu mimi hapa ndipo penye utamu. Marehemu bibi yangu aliwahi kuwa muitikiaji katika kundi moja la mtaani kwetu, kabla ya mama yangu kuzaliwa. Aliacha daftari, la shule kabisa, lenye meza ya kuzidisha nyuma ya jalada. Ndani yake mna nyimbo zimeandikwa kwa kalamu ya risasi, nyingine kwa herufi za Kiarabu, na pembeni alama ndogo ndogo ambazo hakuna aliyebaki nyumbani anayezielewa. Zamani alinieleza kwamba mtunzi alileta shairi, mpiga kinanda akalitafutia sauti, na wao waitikiaji wakarudiarudia kiitikio mpaka ulimi ukazoea. Hakukuwa na noti za kuandikwa. Ukikosa usiku mmoja, uliazima daftari la mwenzako ukanakili. Alama zile za pembeni zilikuwa za kumkumbusha mahali pa kuvuta na mahali pa kupumua. Kila mtu alikuwa na zake.

Nilimuuliza alikuwa anapata nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa anapata nini kwa kula. Akasema walipata chai, na kanga ya sare siku ya harusi kubwa. Kisha akazungumza kwa muda mrefu kuhusu usiku ambao kiitikio kilikaa sawa kwa mara ya kwanza, sauti zote zikaingia mahali pamoja, na kila mmoja akageuka kumtazama mwenzake. Hakukuwa na hadhira. Ilikuwa usiku wa mazoezi tu, ndani ya chumba cha joto chenye taa ya karabai. Lakini usiku huo ndio aliokumbuka kuliko harusi zote.

Mtu yeyote aliyewahi kuimba katika kundi anajua bibi alikuwa anasema nini. Sauti yako peke yako ni ya kawaida, pengine ina mikwaruzo. Ukiiweka kati ya sauti nyingine kumi inafanya kitu ambacho hukujua kwamba ina uwezo nacho. Furaha hiyo haina bei kwa sababu huwezi kuinunua peke yako. Lazima wengine kumi wawepo, na lazima nao wawe wamejifunza.

Na furaha hiyo ilikuwa na gharama, hasa kwa wanawake. Tusipake historia sukari. Mwanamke aliyesimama mbele ya watu kuimba aliitwa majina. Wengi waliimba kwa ruhusa ya mume, na ruhusa ikiondolewa waliacha. Ndiyo maana habari za Shakila Saidi ni muhimu kwetu. Alizaliwa Pangani, mji mdogo kusini ya Tanga mahali mto unapoingia baharini, akaimba na Black Star na Lucky Star, na sauti yake katika nyimbo kama Macho Yanacheka na Kifo cha Mahaba ikawa sauti ya pwani nzima. Baadaye alihamia Dar es Salaam akaimba na kundi la JKT. Alifariki Agosti 2016, na siku hiyo nilishangaa kuona vijana wa umri wangu, waliokulia kwenye bongo fleva, wakiandika mashairi yake bila kukosea neno. Waliyapata wapi? Waliyapata jikoni, kwa mama zao. Mama zao hawakuwa wameyasoma popote. Waliyaimba.

Kuna jambo jingine la kuelewa kuhusu taarab ya Tanga: anayeimba si yule aliye jukwaani tu. Mtazamaji naye anaimba kwa njia yake. Anasikiliza mpaka ufike ubeti unaosema yaliyo moyoni mwake, anainuka na noti mkononi, anacheza taratibu hadi kwa muimbaji na kumtunza. Watu wote wanatazama nani ameinuka, kwenye neno lipi, na jicho lake limeelekea kwa nani. Mke mwenza ameambiwa. Jirani mwenye deni ameambiwa. Hakuna neno lililotamkwa na mtunzaji, na kesho akiulizwa atasema alikuwa anafurahia wimbo tu. Mtafiti Mmarekani Kelly Askew, aliyefanya utafiti Tanga na kushiriki mwenyewe katika makundi ya muziki, ameyachambua mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 2002, Performing the Nation. Inanikera kidogo kwamba kitabu kinachoueleza mji wangu vizuri namna hiyo kimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Chicago, lakini kosa hilo si lake. Sisi tulikuwa wapi?

Nini kilitokea baadaye? Kwanza, santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo muziki wetu ulitolewa na lebo za Kenya. Kwa watu wa Tanga Mombasa ni jirani, unavuka Horohoro tu. Kwa njia hiyo nyimbo za Black Star na Lucky Star zilienea mbali, na watu wa Mombasa wakaanza kupiga kwa mtindo huo. Lakini waimbaji walikuwa watu wa klabu, wasio na mikataba ya maana, na wengi wao hawakuonja faida yake. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mkusanyiko wa makundi hayo mawili kwa jina la Nyota, na Wazungu wakasifia. Sheria yetu ya sasa ya hakimiliki, iliyoleta COSOTA, ilipitishwa mwaka 1999, wakati vijana wa Black Star walikwishakuwa wazee.

Pili, mpaka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Hesabu mwenyewe miaka sita bila Mombasa kwa mji ambao santuri zake, nyuzi zake za gita na harusi zake nyingi zilitegemea barabara ile. Tatu, mkonge. Nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 katika miaka ya kwanza ya uhuru, kisha nyuzi za plastiki zikaua soko na uzalishaji ukaporomoka. Mshahara ukipungua shambani, bandarini na kwenye reli, na harusi inapungua. Harusi ikipungua, klabu haina mahali pa kwenda.

Nne, muziki ukawa biashara kamili. Miaka ya 1990 yakaja makundi makubwa ya Dar es Salaam, TOT na Muungano, na vita yao ya mipasho, halafu East African Melody na taarab ya kisasa. Sina ugomvi nayo. Nimecheza mipasho na nitacheza tena. Walioimba walilipwa, na kulipwa ni haki ya mtu anayefanya kazi. Tena niseme wazi: anayekwambia msanii aimbe bure kwa mapenzi ya sanaa, mara nyingi yeye mwenyewe anakula kwa jasho la msanii huyo. Sitetei hilo.

Ninachosema ni kingine. Tulipoamua kwamba muimbaji ni yule anayelipwa, sisi wengine tukajitoa wenyewe. Tukawa wasikilizaji. Siku hizi ukimwomba msomi wa Kitanzania aimbe mbele ya watu atakwambia hajui kuimba, kwa sauti ya mtu anayesema hajui kuendesha ndege. Bibi yangu asingeielewa sentensi hiyo. Kwake kuimba lilikuwa jambo la kujifunza, kama kusuka ukili. Wengine wanasuka vizuri zaidi, lakini hakuna asiyeweza kukalishwa chini akafundishwa.

Ndiyo maana nikasema nitairudia kwaya. Jioni yoyote pita karibu na kanisa katika mji wowote wa nchi hii utawasikia. Muuza duka, muuguzi, mwalimu, dereva wa bodaboda, wamesimama kwa safu nne wanarudia mstari mmoja mara ishirini kwa sababu besi wameukosa. Wanachangiana sare, wanachangiana misiba, wanagombana kuhusu uongozi, wanagawanyika na kuunda kwaya mpya, kama vile Black Star walivyotoka Young Novelty. Ni beni ileile, lelemama ileile, klabu ileile. Na madrasa nazo hazijanyamaza, maulidi yakifika mtawasikia watoto. Kwa hiyo mti haujafa. Tawi moja limekauka, la klabu za mtaani ambako Mwislamu na Mkristo, kuli na karani, waliweza kukaa chumba kimoja kujifunza shairi moja. Hilo ndilo ninalolililia.

Kuna kinachowezekana. Unguja walianzisha chuo cha muziki wa nchi za jahazi mwaka 2002 na vijana wakajifunza udi na kanuni kwa wazee. Sisi tunaweza kuanza na kidogo zaidi: madaftari. Nina hakika la bibi yangu si la pekee. Yako kwenye masanduku ya Ngamiani, Chumbageni, Makorora, Pangani, chini ya kanga za kuzikiwa, na kila mwaka mengine yanafungia maandazi. Humo mna mashairi ambayo hayakufika kwenye santuri yoyote, yametungwa na watu ambao hakuna kitabu kinachowataja. Daftari linaweza kupigwa picha kwa simu kwa dakika kumi. Lakini zile alama za pembeni haziwezi kupigwa picha zikaeleweka. Hizo zinamhitaji mwenye daftari, akiwa hai, na mtu wa kukaa naye akasema: bibi, hapa ulikuwa unavuta namna gani? Hebu nifundishe.

Mimi nilichelewa kwa moja. Nyinyi ambao bibi zenu bado wapo, mnasubiri nini?

Alamsiki.